Makofi Juu ya Maji

Nimezaliwa Dodoma, upande ambao mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watoto tuliufukua mchanga huo kwa mikono ili kupata ndoo moja ya maji, na kuoga kwetu kulikuwa kata mbili: ya kwanza ya kulowana, ya pili ya kujisuuza. Ndiyo maana mwaka 2013, mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kuniambia nimepangwa kuwasimamia watoto wa shule yetu watakaofundishwa kuogelea, nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema kocha ameomba mwalimu mwenye sauti kubwa, na kwa sauti hapakuwa na wa kushindana nami. Kama najua kuogelea, hakuna aliyeniuliza, nami sikujipeleka mbele kueleza.

Shule yetu ilikuwa upande wa Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, nchi ya vilima na mabonde, na kila bonde lina kijito chake. Kiangazi kijito unakiruka bila kuvua viatu. Mvua zikikolea, kijito hichohicho kinabeba magogo. Nusu ya watoto wetu walivuka bonde moja kuja shuleni, juu ya miti miwili iliyolazwa pamoja na kuitwa daraja kwa heshima tu. Kila mwaka, ikifika Novemba, madarasa yalianza kupungua watu.

Shirika lililotuletea kuogelea lilikuwa shirika kwa jina. Kwa kweli lilikuwa ni kocha mwenyewe, baiskeli yake, filimbi yake, na watu wachache wa Kasulu mjini waliomchangia nguo chakavu na unga wa uji. Kocha alikuwa mama wa makamo aliyekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika. Aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali, na aliniambia alichoka kupokea watoto wa mtoni ambao hawakuhitaji tena kitanda. Akaacha kazi, akatafuta bwawa.

Bwawa lilikuwa la kikundi cha wakulima waliolichimba kufuga samaki. Samaki waliisha, maji yakabaki. Afisa afya alikuja kulikagua kwa ajili ya konokono wa kichocho, akaagiza nyasi za kingoni zifyekwe kila wiki, na kazi ya kufyeka ikawa yangu pamoja na wazazi wachache. Nilikusanya pia madumu ya manjano ya mafuta ya kula, kwa sababu dumu tupu lililofungwa kizibo sawasawa ndilo lilikuwa boya letu. Niliwashonea wasichana bukta kutokana na sare zilizochanika. Na kila Jumamosi asubuhi nilisimama ukingoni, daftari la mahudhurio mkononi, nikipaza ile sauti niliyoteuliwa kwa ajili yake: "Mikono miwili kwenye dumu! Mikono miwili!"

Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Watoto waliokuwa wamenyamaza kimya darasani walipiga kelele majini. Ila mimi mwenyewe nilisimama hatua mbili kutoka kwenye maji, na nyasi zikiwa na umande nilisimama hatua tatu. Kocha aliona, sidhani kama hakuona. 

Sasa nimtaje mtoto ambaye ndiye aliyenifanya nikae niandike haya. Alikuwa msichana wa darasa la tatu, kwa mara ya pili. Kichwa chake hakikuwa na tatizo lolote; hesabu alizifanya haraka kuliko mimi ninavyopenda mwanafunzi azifanye. Tatizo lilikuwa mvua. Aliishi na bibi yake ng'ambo ya bonde, na miaka miwili nyuma kaka yake alichukuliwa na kile kijito akirudi nyumbani kutoka shule. Tangu hapo, wingu likitanda tu, bibi alimfungia mjukuu ndani. Kuanzia Novemba mpaka Aprili tulimwona kwa kubahatisha. Nilikuwa nimefundisha miaka ya kutosha kujua kwamba msichana anayerudia darasa mara ya tatu harudi. Akipotea msimu ule, amepotea shule moja kwa moja.

Nilikwenda kwa bibi yake mwezi wa saba. Hapo lazima nieleze kuhusu salamu za Waha, wenyeji wa Kasulu, kwa sababu bila hizo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu unasalimu unapita. Kule mtoto akikutana na mkubwa anasimama, anatua mzigo, anapiga magoti nusu, anapiga makofi taratibu kwa viganja viwili, na anajibu habari moja baada ya nyingine: za kuamka, za nyumbani, za shamba, za mifugo. Mkubwa ndiye anayeanza na ndiye anayemaliza. Kukatisha salamu ni utovu wa adabu ambao watu wataukumbuka. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kumwona mtoto juu ya baiskeli akiachia usukani ili anipigie makofi, akaingia moja kwa moja kwenye shamba la mihogo. Akiwa humo humo, baiskeli juu yake, aliendelea kupiga makofi. Nilicheka mpaka machozi. Ningekuwa na akili ningekumbuka siku ile mapema.

Bibi alikuwa mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa, mzaliwa wa Mabamba kule Kibondo. Tulimaliza salamu zote. Nikamweleza haja yangu. Alisikiliza huku akimenya mihogo, kisu hakikusimama.

"Mimi maji siyataki, mwalimu," alisema. "Maji yamekula kwangu."

"Ndiyo sababu nimekuja, bibi. Mtoto akijua kulala juu ya maji, hata akianguka atasubiri watu wamtoe."

"Yule mwingine nilimwita," alisema. "Siku mbili nilitembea kando ya mto nikimwita. Siku ya tatu wakamkuta chini kwenye matete. Siku mbili zote hizo nilimwita, hakuitika."

Hatimaye aliweka kisu chini, akaniangalia usoni.

"Wewe mwenyewe unayajua maji?"

Nikasema, "Nayajua, bibi."

Nikiandika neno hilo leo bado nasikia aibu. Lilitoka lenyewe, kwa ulimi mwepesi, kama tunavyowajibu wazazi siku za mikutano. Nilimwonea huruma yule bibi, nilimtaka yule mtoto, na uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli. Bibi aliafiki kwa kichwa. Alisema mtoto aje, na yeye mwenyewe atakuja siku moja kuangalia, bila kutuambia ni lini.

Mtoto alishika haraka. Baada ya wiki nne aliweza kulala chali bila dumu akihesabu hadi thelathini, na akiwa na dumu alivuka bwawa kutoka ukingo wa huku hadi ukingo wa kule. Kocha alimsifu, naye hasifu ovyo. Mimi nilijivuna kana kwamba ni mimi niliyemfundisha.

Bibi alikuja Jumamosi ya sita. Kocha alikuwa upande wa pili wa bwawa, majini, ameshika watoto wawili wapya. Msichana wetu alikuwa katikati ya safari yake, upande wenye kina, anapiga miguu, mikono miwili kwenye dumu kama nilivyomfundisha. Nilisikia nyasi nyuma yangu. Bibi akasimama kando yangu na fimbo yake, akamtazama mjukuu wake, na akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye adabu angelifanya.

"Mwakeye?" akamsalimu kwa Kiha.

Na mtoto, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaachia dumu. Aliinua mikono yote miwili akapiga makofi. Nakumbuka akikunja hata magoti. Kofi la kwanza nililisikia, la pili lilipigwa chini ya maji.

Wala kocha wala mimi hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Yeye ni mtu wa ziwani, mimi ni wa Dodoma. Tulikuwa tumewafundisha watoto kushika dumu, kupuliza maji puani, kulala chali, kutokuvutana. Hakuna aliyewaambia la kufanya mkubwa anapokusalimu ukiwa umeshika dumu. Wao wenyewe wasingetuuliza. Kwao jibu lilikuwa wazi.

Bibi alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Mimi nikarusha daftari na kuingia majini na kitenge changu, na saa yangu, na uongo wangu. Ninachokumbuka ni baridi, halafu matope yakiteleza chini ya viatu, halafu maji puani, masikioni, kila mahali. Baadaye niliambiwa mahali nilipokuwa maji yalikuwa ya kifuani. Sikuyajua hayo kwa sababu sikusimama. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikipigana nayo.

Kitu kigumu kikanigonga begani. Dumu.

"Shika dumu, mwalimu!" Ilikuwa sauti ya mtoto. "Mikono miwili! Mikono miwili!"

Nilishika. Nilipofungua macho nilimwona amelala chali kando yangu, uso juu, anasukuma dumu kwa miguu. Alikuwa ameibuka mwenyewe kabla hata mimi sijafika majini. Alizama, akakumbuka alichofundishwa, akajilaza, akaona mwalimu wake anakufa kwenye maji ya kifuani, akanisogezea boya. Kocha alipotufikia alinishika ukosi wa blauzi na kunisimamisha wima. Hata kocha, mcheshi yule, hakucheka.

Mtoto alitoka majini, akapiga magoti mbele ya bibi yake huku anachuruzika, akaendelea na ile salamu. Na bibi alimwuliza habari zote, za kuamka, za nyumbani, za shamba. Hata siku ile haikukatishwa. Kisha akanigeukia.

"Ulisema unayajua."

"Nilisema, bibi."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Naomba unisamehe."

Alimfunga mjukuu khanga yake, akamshika mkono, wakaondoka. Nilikaa kwenye nyasi zilizofyekwa nikalia, si kwa kuogopa maji. Nililia kwa sababu mtoto alikuwa amefaulu na mimi ndiye niliyemharibia.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Shuleni alikuja, maana jua lilikuwa bado linawaka, lakini aliniangalia kwa namna ya mtoto aliyekatazwa kuzungumza. Nilimwomba kocha anifundishe. Alisema, "Nilikuwa nangoja uombe," akaniingiza majini siku hiyohiyo pamoja na watoto wa darasa la kwanza. Walinifurahia sana wale wadogo. Mwalimu anayewapigia kelele wiki nzima, leo anameza maji pamoja nao! Kila nilipozama, wao ndio walioniambia kosa langu, na waliniambia kwa sauti kubwa.

Baada ya Jumamosi tatu nilirudi kwa bibi. Nilimkuta anaanika maharage. Tukasalimiana mpaka mwisho, ingawa nilikuwa na haraka ya kusema.

"Bibi, sikuja kukuomba mtoto. Nimekuja kukuambia nimeanza kujifunza."

Alitawanya maharage kwa kiganja kwa muda mrefu.

"Umefika wapi?"

"Nalala chali. Kidogo."

"Nitakuja nikuone," alisema. "Safari hii nione kwa macho yangu."

Alikuja kweli, amemshika mjukuu wake mkono, mtoto akiwa amevaa nguo za nyumbani. Alitaka mimi niingie kwanza. Fikiria mwalimu mtu mzima, mbele ya wanafunzi na wazazi waliokuja kufyeka nyasi, amevaa suruali ya kuazima, anaingia bwawani kukaguliwa. Niliingia. Nikajilaza. Maji yakanibeba, masikio yakazama, nikaona anga tupu. Nikawa najipongeza kimoyomoyo, mara nikasikia kwa mbali:

"Mwakeye, mwalimu?"

Nilijua ananijaribu. Nikainua mikono kutoka majini, nikaipeleka juu ya kifua, nikapiga makofi. Miguu ikazama, kiuno kikazama, nikameza maji ya kutosha. Nikasimama nikikohoa. Bibi alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile. Alicheka akishika fimbo kwa mikono miwili.

"Kifua juu, mwalimu," mjukuu wake alisema kutoka ukingoni. "Ukiinua mikono, vuta pumzi kwanza."

"Mwonyeshe," bibi akasema.

Mtoto hakungoja kubadili nguo. Aliingia na gauni, akajilaza, akavuta pumzi, akapiga makofi juu ya kifua chake, taratibu na kwa adabu, bila kuzama hata kidogo. Alikuwa amefanya mazoezi kitandani, alinieleza baadaye, wiki zote zile alizokatazwa.

Kocha alilitazama lile akatikisa kichwa. Kuanzia siku hiyo alifuta kuhesabu hadi thelathini. Kipimo chetu kikawa salamu: mtoto alale chali mahali penye kina, mkubwa wa nyumbani kwake asimame ukingoni amsalimu, na mtoto apige makofi na kujibu mpaka mkubwa amalize. Na amri nyingine ikaongezwa, bibi huyohuyo ndiye aliyewatangazia wazee wenzake: ukimkuta mtoto ameshika dumu, usimsalimu, mngoje alale. Wazee walikubali kwa shida. Mmoja alisema hajawahi kusikia adabu ya kulala. Bibi akamwambia basi leo amesikia.

Sitaki mtu adhani kwamba tuliushinda mto. Kocha aliwaambia watoto kila wiki kwamba hawafundishwi kupambana na mafuriko; maji yakifunika miti ya daraja, hakuna wa kuvuka, wangoje. Msimu ule walingoja mara kadhaa, wengi wao kwenye jiko la bibi yule, wakila viazi vyake. Lakini siku nyingine zote msichana wetu alikuja. Wingu likitanda, alikuja. Aliingia darasa la nne na nikamkabidhi kwa mwalimu mwingine, kwa wivu.

Ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, ni siku ya kupimwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua. Wazazi walijaa ukingoni. Watoto waliingia mmoja mmoja, wakasalimiwa, wakafaulu, wengine kwa salamu fupi kidogo maana mama zao hawakuvumilia kuangalia. Ilipofika zamu ya msichana wetu, bibi alisogea mpaka maji yakamgusa vidole. Kipimo chake nilikiandika mimi, daftari jipya mkononi.

"Mwakeye?"

Makofi. Akajibu.

Akamwuliza za nyumbani, akajibu. Za shamba, akajibu. Za mbuzi. Za kuku, na za yule kuku aliyeatamia. Za mihogo ya juu na mihogo ya bondeni. Za jirani wa kulia, za jirani wa kushoto, za shangazi aliyeko Kibondo. Watu wakaanza kucheka. Bibi akauliza za maharage, na za walimu, na za kocha aliyesimama palepale. Kila mara makofi mawili matatu, na sauti nyembamba kutoka majini ikimjibu. Nilikwishamwandika amefaulu zamani. Kocha alininong'oneza kwamba mtoto atapata baridi.

"Bibi, inatosha," nilisema polepole. "Amefaulu."

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa mtoto aliyelala juu ya maji, uso juu, macho wazi.

"Niache kidogo, mwalimu," alisema. "Huyu anaitika."

Akapangusa uso kwa ncha ya khanga, akaanza tena tangu mwanzo.